Nibu ya Dhahabu Haikuwa ya Kujimwambafai: Kabla Hujanunua Kalamu ya Wino, Ijue Historia Yake

Kijana kapata ajira yake ya kwanza. Mshahara wa tatu umeingia, na katika kuperuzi simu anakutana na kalamu ya wino: nyeusi tii, pete za dhahabu, nibu inang'aa kama pete ya harusi. Chini ya picha wameandika "kalamu ya mabosi". Moyo unadunda. Analipia, mzigo unaletwa na bodaboda, na wiki inayofuata anaenda nayo kikaoni akiwa na shati jeupe. Saa nne asubuhi mfuko wa shati umeshakuwa wa bluu.

Stori ni ya leo, lakini kiukweli umri wake umepita miaka elfu moja. Tangu watu waanze kuitamani kalamu inayobeba wino wake yenyewe, ugomvi umekuwa ule ule: itoe wino inapotakiwa, inyamaze isipotakiwa. Karibu kila kipande cha kalamu nzuri kilizaliwa kwa sababu kuna mtu alichafuka vidole akalalamika, na mara nyingi jina la mtu huyo halijulikani. Anayeijua historia hiyo hahitaji muuzaji amwambie kalamu ipi ni nzuri. Anajua aulize nini.

Khalifa aliyechoka kuchafuka

Neno kalamu lenyewe linasema lilikotoka. Limeingia Kiswahili kutoka Kiarabu, na nyuma yake kuna neno la Kigiriki lenye maana ya tete. Kwa karne nyingi kalamu ilikuwa hivyo tu: kipande cha tete kilichochongwa ncha, kikapasuliwa kidogo katikati, kikachovywa kwenye kidau. Watunzi na wanakili wa Pate na Lamu, walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, walikuwa watu wa kuchovya. Ulaya walitumia manyoya ya bata bukini, ila mwendo ulikuwa ule ule: andika maneno machache, chovya, andika tena, chovya. Kidau kikipinduka, kazi ya siku imekwisha.

Karne ya 10, kaskazini mwa Afrika, khalifa wa Kifatimi al-Mu'izz akaona inatosha. Kadhi wake, al-Nu'man, aliyeandika habari za baraza lile, anaeleza kwamba khalifa aliagiza kalamu isiyohitaji kidau. Wino ukae ndani. Utoke pale mtu anapoandika tu. Na hata kalamu ikigeuzwa juu chini, isichafue mkono wala nguo. Fundi akaenda, akarudi baada ya siku chache na kalamu ya dhahabu. Ikajazwa wino, ikaandika kweli, lakini ilikuwa inatoa wino kupita kiasi. Khalifa akaamuru irekebishwe kidogo, ikarekebishwa.

Jina la khalifa limebaki. La kadhi limebaki. La fundi aliyefanya kazi yenyewe hakuna aliyejishughulisha kuliandika. Ila angalia ile oda. Kalamu ilikuwa ya dhahabu, sawa, lakini alichokikagua khalifa ni wino. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kununua dhahabu yote anayoitaka alirudisha kalamu kwa fundi kwa sababu ilizingua kwenye kuandika.

Ishu ilikuwa hewa

Sasa kama kalamu ya namna hiyo iliwezekana karne ya 10, mbona dunia iliendelea kuchovya kwa miaka mingine karibu 900?

Jibu lipo kwenye chupa ya maji. Chukua chupa yenye mdomo mwembamba, igeuze juu chini. Maji hayatoki kwa utaratibu. Yanatoka kwa mafungu, gudu gudu gudu, kwa sababu kila maji yanapotoka lazima hewa iingie kuchukua nafasi yao. Kalamu yenye tangi ni chupa ndogo. Hewa isipoingia, wino unagoma. Hewa ikiingia kwa fujo, wino unashuka bonge zima kwenye karatasi.

Tarehe 25 Mei 1827, mwanafunzi wa Kiromania aliyekuwa akisoma Paris, Petrache Poenaru, alipewa na serikali ya Ufaransa hataza, yaani cheti cha kumiliki uvumbuzi, kwa kalamu yenye wino ndani. Wengine wengi walijaribu kabla na baada yake. Kalamu zao ziliandika, ila hakuna aliyekuwa na uhakika zitafanya nini dakika kumi zijazo.

Wakati huo huo, mjini Birmingham, Uingereza, kazi nyingine ilikuwa inaendelea. Viwanda vya pale vilikuwa vinatengeneza nibu za chuma cha pua kwa ajili ya kalamu za kuchovya, na wafanyakazi wake wengi walikuwa wanawake na wasichana. Walikaa safu kwa safu mbele ya mashine za mkono, huyu anakata, yule anakunja, mwingine anapasua ule ufa mwembamba wa katikati ya nibu. Ufa huo ndio unaoufikisha wino kwenye karatasi. Ukiwa mpana sana wino hauvutwi mpaka nchani, ukibanana sana nibu inakauka. Hadi leo, nibu ya bei mbaya kabisa ikipasuliwa vibaya inabaki kuwa pambo. Majina ya wenye viwanda vile yapo kwenye makumbusho ya Birmingham. Ya waliopasua nibu moja moja kutwa nzima hayajulikani.

Halafu akaja wakala wa bima. Hii ndiyo stori maarufu kuliko zote kwenye ulimwengu wa kalamu. Inasemwa kwamba Lewis Waterman wa New York alikuwa amempata mteja mkubwa, akampa kalamu mpya asaini mkataba, kalamu ikamwaga wino juu ya karatasi. Alipokimbilia ofisini kuleta karatasi nyingine, mshindani akampora mteja. Kwa hasira akaapa kutengeneza kalamu isiyomwaga.

Stori tamu, lakini hakuna ushahidi wa wakati ule unaoithibitisha. Ilivuma baadaye, biashara ikiwa imeshakolea, na inanukia tangazo. Kilicho cha uhakika ni hataza ya Marekani ya tarehe 12 Februari 1884, na kilichomo ndani yake hakina mbwembwe hata kidogo. Ni kile kipande kinacholala chini ya nibu, ambacho hapa kiitwe ulimi. Waterman aliupa ulimi mfereji, na ndani ya mfereji mipasuo myembamba sana. Wino unateremka taratibu kwenye mipasuo huku hewa ikipanda juu kuingia kwenye tangi. Kila tone likitoka, hewa kidogo inaingia. Gudu gudu ikaisha.

Kwa hiyo ukiangalia kalamu yoyote ya wino leo, sehemu iliyookoa mambo ni ile nyeusi, ya chini, ambayo haionekani kwenye picha za mtandaoni.

Wanafunzi waliorudisha kalamu

Miaka hiyo hiyo ya 1880, kwenye mji wa Janesville, jimbo la Wisconsin, kulikuwa na mwalimu wa telegrafu. Mshahara wake haukutosha, basi akawa anawauzia wanafunzi wake kalamu za wino za kampuni nyingine. Ule mchongo ukamgeukia. Wanafunzi walirudi mmoja baada ya mwingine: hii inavuja, hii imekauka, hii haiandiki. Mwalimu akajikuta na vifaa vya ufundi mezani, anazifungua kalamu na kuzirekebisha, mpaka akaona bora atengeneze yake. Mwaka 1888 akaanzisha kampuni. Mwalimu huyo aliitwa George Parker.

Jina lake linajulikana dunia nzima. Ya wale wanafunzi hayajulikani, na hao ndio waliofanya kazi ya kugundua makosa.

Moja ya makosa hayo ndilo lililomchafua kijana wa mwanzo wa stori hii. Mtu akimaliza kuandika, wino kidogo unabaki kwenye mfereji wa ulimi. Akiweka kalamu mfukoni, joto la mwili linaipasha hewa iliyo ndani ya tangi. Hewa ikipata joto inapanuka, inausukuma ule wino uliobaki, na wino unamwagikia ndani ya kifuniko. Anapofungua tena, vidole vimeshachafuka. Mwaka 1894 Parker alipata hataza ya ulimi uliopinda kwa nyuma mpaka ukagusa ukuta wa tangi, ili wino uliobaki uvutwe kurudi ndani. Akauita Lucky Curve, na akautangaza kwa miaka mingi.

Ilibaki shida ya kujaza. Kalamu za mwanzo zilijazwa kwa kitoneshi: fungua, tonesha, funga, omba Mungu. Kampuni ya Conklin ya Toledo, Ohio, ikaja na kipande cha chuma cha mwezi mchanga kilichochomoza pembeni mwa kalamu. Ukikibonyeza kinaminya mfuko wa mpira ulio ndani, ukikiachia mfuko unavuta wino. Mwandishi Mark Twain aliisifia hadharani kwa sababu ya ajabu kidogo: ule mwezi mchanga uliizuia kalamu isibingirike ikaanguka mezani. Mwaka 1908 sonara wa mji mdogo wa Fort Madison, Iowa, Walter Sheaffer, alipata hataza ya kutumia wenzo mdogo ubavuni badala ya mwezi. Mwaka 1929 kampuni ya Kijerumani ya Pelikan ikatoa kalamu ya pistoni: zungusha kitako, wino unapanda. Baadaye zikaja katriji, vile vibomba vya plastiki vya kuchomeka na kutupa.

Dhahabu ilikuwa dawa

Sasa hapa ndipo wengi wanapopigwa hela.

Wino uliotumika Ulaya na Marekani kwa karne nyingi ulipikwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni vilivyochanganywa na chumvi ya chuma. Ulikuwa mzuri kwa kumbukumbu, haufutiki kirahisi, lakini una asidi. Ulizila nibu za chuma. Kwa kalamu ya kuchovya haikuwa shida: nibu ilikuwa bei chee, ikiliwa unachomeka nyingine. Kalamu yenye tangi ni tofauti, nibu yake inakaa kwenye wino mchana na usiku. Mafundi wakahitaji madini yasiyoliwa na asidi, na jibu likawa dhahabu.

Dhahabu nayo ina udhaifu: ni laini, na karatasi ingeisaga ikaisha. Kwa hiyo mafundi waliunganisha nchani chembe ya madini magumu sana, ya jamii ya iridiamu na osmiamu. Yaani, mdau, hata kwenye kalamu ya dhahabu tupu, dhahabu haigusi karatasi. Kinachoandika ni ile chembe ngumu.

Karne ya 20 chuma kisichoshika kutu kikapatikana na wino wa kila siku ukapunguzwa ukali. Ujerumani ilipobana matumizi ya dhahabu mwishoni mwa miaka ya 1930, watengenezaji wa kule wakageukia nibu za chuma na watu wakaendelea kuandika. Ile sababu ya kwanza ya dhahabu ikawa imepungua nguvu. Nibu ya dhahabu inaweza kunesanesa kidogo na baadhi ya watu wanaipenda kwa hilo, lakini kunesa kunategemea pia umbo na unene wake, na nibu nyingi za dhahabu ni ngumu vilevile.

Ushahidi mzuri ni Parker 51, iliyoingia sokoni mwaka 1941 na kuuzwa kwa mamilioni. Nibu yake ilikuwa ya dhahabu, lakini ilifichwa karibu yote ndani ya ganda, imebaki ncha tu. Walifanya hivyo kwa sababu za kazi: nibu iliyofunikwa haikauki haraka. Kalamu za aina hiyo ndizo zilizotumika kusaini kusalimu amri kwa Ujerumani mjini Reims, tarehe 7 Mei 1945. Karatasi nzito kuliko zote za zama zile, na dhahabu haikuonekana.

Kigololi kikaja, biashara ikageuka

Mwandishi wa habari wa Hungaria, László Bíró, pamoja na ndugu yake, walikuwa wanahangaikia kalamu yenye kigololi nchani na wino mzito unaokauka papo hapo. Hataza zao za mwanzo ni za mwaka 1938, kazi wakaimalizia Argentina. Oktoba 1945 peni za namna hiyo ziliuzwa kwa maelfu siku ya kwanza tu katika duka moja New York, kwa dola 12.50 kila moja, ingawa nazo zilivuja. Desemba 1950 Bic ya plastiki ikatoka Ufaransa, bei ya kutupwa, na mchezo ukaisha. Hadi leo Mkenya akiomba "biro" anamtaja yule Mhungaria bila kujua.

Shule za Ufaransa ziliruhusu peni za kigololi mwaka 1965. Karani, mwanafunzi, nesi, konda, wote wakahamia huko, na hawakukosea: peni ya kigololi haina kidau, haina kusafisha, ukiipoteza huumii.

Kalamu ya wino ikapoteza kazi ya kila siku. Kampuni nyingi zikaisogeza kwenye kabati la vioo, ikawa zawadi ya kustaafu, ya harusi, ya bosi. Hapo ndipo dhahabu ilipobadilika kutoka dawa ya asidi na kuwa beji, na ile stori ya "kalamu ya mabosi" ikapata soko.

Lakini kuna sehemu ilibaki kazini. Ujerumani watoto waliendelea kujifunza mwandiko kwa kalamu ya wino, na mwaka 1980 kampuni ya Lamy ikatoa Safari kwa ajili ya vijana wa shule: plastiki ngumu, nibu ya chuma, sehemu ya kushikia iliyobonyezwa ili vidole vikae sawa, kishikizo kikubwa cha mfukoni. Bado inatengenezwa. Japani, kampuni za Sailor, Pilot na Platinum, zilizoanza kati ya 1911 na 1919, zimeendelea kutoa kalamu za bei tofauti kwa watu wanaoandika herufi zenye mistari mingi kwenye nafasi finyu. Ndiyo maana nibu ya Kijapani yenye alama F mara nyingi inaandika mstari mwembamba kuliko F ya Ulaya.

Sasa kijana achague vipi?

Arudie maswali ya watu wasio na majina.

Swali la fundi wa khalifa: wino unatoka kwa kiasi? Dukani, mtu aombe kuchovya nibu au kujaribu iliyojazwa, aandike jina lake mara kumi kwa mwandiko wake wa kila siku, kisha achore namba nane kubwa kila upande. Nibu ikikwaruza upande mmoja, ikiruka mstari au ikiacha dimbwi, haijalishi inang'aa kiasi gani.

Swali la wanawake wa Birmingham: ufa uko katikati? Aishike kwenye mwanga. Pande mbili za nibu ziwe sawa, hakuna iliyopanda juu ya mwenzake.

Swali la wanafunzi wa Janesville: mfukoni itakuwaje? Kifuniko kifunge kwa uhakika, iwe kwa kuzungusha au kwa kubonyeza, na kalamu ibebwe nibu ikiwa juu. Anayepanda ndege aijaze kabisa au aimalize kabisa, maana hewa ndani ya tangi inapanuka kule angani kama inavyopanuka kwa joto la mwili. Kifuniko kizuri pia huzuia wino kukauka. Aache kalamu siku chache bila kuigusa. Ikiwaka kwa mstari wa kwanza, hiyo ni mtu wa kazi.

Swali la wale waliotonesha wino kwa kitoneshi: kujaza kutakuwa usumbufu? Katriji ni rahisi, lakini kabla ya kununua aulize zinapatikana mjini kwake, kwa sababu kampuni nyingine zina umbo lao peke yake. Kalamu inayokubali pia kivutio cha kujazia kutoka kwenye chupa inampa uhuru. Wino uwe wa kalamu za aina hii, sio wino wa kuchorea wenye gundi, huo utaziba ile mipasuo ya ulimi.

Halafu karatasi. Daftari nyingi za bei ya kawaida zinanyonya wino, mstari unatanuka na kutokea upande wa pili. Nibu nyembamba, F au EF, inapunguza hilo. Nibu nene ni tamu kwenye karatasi nzito, kwenye daftari la kazi inageuka kero.

Mwisho, mkono. Kalamu nzito yenye pete za chuma inapendeza kwenye picha, ila baada ya kurasa tatu kidole gumba kinajibu chenyewe.

Akiyapitia hayo, mara nyingi kijana atajikuta ameshika kalamu ya plastiki yenye nibu ya chuma, na chenji mfukoni. Akitaka ya dhahabu kwa sababu ameijaribu na mkono umeipenda, hiyo ni haki yake na hela ni yake. Ila asinunue kwa sababu ya mng'ao. Hata khalifa mwenye dhahabu yake aliirudisha kalamu kwa fundi, na kosa lilikuwa wino kidogo tu uliozidi.

Wewe mdau, kalamu yako ya kwanza ya wino ilikuwa ipi, na ilikumwagikia wapi?